Mkataba wa malisho hauwezi kusimama bila chanjo na usalama

UKAME unapobisha hodi Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, mfugaji hubaki na njia tatu: kuuza mifugo, kununua malisho au kuhama.

Malisho ya kununua ni ghali na hayapatikani kwa urahisi. Kuuza nako ni hasara, maana wote huuza kwa wakati mmoja. Bei ya mbuzi inashuka, ya mahindi inapanda. Ndiyo maana wengi huvusha mifugo hadi Karamoja, nchini Uganda, kwenye bwawa la Kobebe wilayani Moroto.

Jambo hili si geni. Mwaka 1973, wazee wa Waturkana na Wamatheniko walikutana Lokiriama, wakazika silaha na kukubaliana kuishi kwa amani.

Serikali zilifuata baadaye. Septemba 12, 2019, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, hati ya makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani ilitiwa saini mjini Moroto. Februari 2020, nchi za IGAD ziliidhinisha itifaki ya watu kuvuka mipaka kwa uhuru. Kifungu chake cha 16 kinahusu wanaohama kabla ya maafa, wakati wa maafa au baada yake. Julai 2022, mawaziri walitoa Azimio la Kampala kuhusu uhamaji na mabadiliko ya tabianchi.

Mtihani ulikuja mapema. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili.

Karamoja nako hakukuwa shwari. Wizi wa mifugo ulikuwa umerudi, na Julai 2021 Uganda ilianzisha operesheni ya Usalama kwa Wote ili kukusanya silaha. Kunyang'anya bunduki upande mmoja huku upande wa pili zikibaki ni kumwacha jirani bila ngao. Mei 2023, Rais Museveni aliwapa wafugaji wa Turkana miezi sita kusalimisha silaha, la sivyo wafukuzwe pamoja na mifugo yao.

Hapo ndipo funzo lilipo. Maji na nyasi pekee havitoshi kushikilia makubaliano. Mfugaji mwenyeji akiibiwa ng'ombe, au mifugo yake ikiambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo, haoni faida ya kumpokea mgeni. Ugonjwa ukilipuka, karantini hutangazwa na soko hufungwa. Anayeumia si mfugaji peke yake, bali pia mchuuzi, mwenye lori, mchinjaji na mama lishe wa sokoni.

Kwa hiyo fedha za serikali na wafadhili zingeelekezwa kwanza kwenye mambo manne: chanjo kutolewa pande zote mbili kwa wakati mmoja, alama za mifugo zinazotambulika kote, njia za kupitishia mifugo zilizokubaliwa, na silaha kukusanywa kwa pamoja.

Mfugaji naye ana sehemu yake. Achanje kabla ya kuondoka, atunze cheti cha afya ya mifugo, apeleke taarifa kwa wazee wa kule aendako, na auze wachache mapema wakiwa bado wana mwili. Ng'ombe aliyekonda hana bei, hata akivuka mpaka salama.