Uzito wa Kifyatulio Si Kasoro

Mtu mwenye leseni ya bastola mjini Garissa ana sababu za kutaka silaha yake iwe tayari. Mfanyabiashara wa mifugo anatoka sokoni na fedha za ng'ombe wa watu. Afisa wa serikali ana safari ya Wajir au Dadaab. Wala hakuna aliyesahau Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa hiyo akisikia kwamba bastola yake itapiga upesi na kwa shabaha zaidi akibadilisha kipande kimoja kidogo cha chuma ili kifyatulio kiwe chepesi, maneno hayo yanamwingia. Kipande chenyewe si ghali, na fundi wa kwenye video huonekana kukipachika kwa dakika chache. Lakini kabla ya kuuondoa uzito huo, inafaa kujua uliwekwa pale kwa kazi gani.

Uzito wa kifyatulio ni nguvu inayotakiwa kukivuta mpaka risasi itoke. Bastola ya kawaida ya Glock hutoka kiwandani na uzito wa ratili 5.5 hivi, yaani kilo 2.5. Ning'iniza pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye kidole cha shahada, uongeze nusu kilo ya sukari, utaupata uzito huo barabara. Sasa kumbuka kwamba Glock 17 bila magazini wala risasi ina gramu 630 hivi. Kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wa chombo chenyewe, na ni kiganja kinachopaswa kuizuia bastola isiifuate nguvu hiyo. Kiganja kikishindwa, mdomo wa bastola unayumba na risasi inakwenda kando. Hapo ndipo malalamiko ya kifyatulio kizito yanapoanzia, na si malalamiko ya uongo.

Kuna bastola ambazo uzito wake hubadilika njiani. CZ 75 ya Czech, na Jericho 941 ya Israeli iliyojengwa juu ya muundo huohuo, zina nyundo kwa nyuma. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza una kazi mbili: kuinyanyua nyundo dhidi ya springi yake, kisha kuiachia. Mvuto huo ni mrefu na mzito. Risasi ya kwanza ikishatoka, mwendo wa bastola yenyewe unairudisha nyundo nyuma, na mvuto wa pili unabaki na kazi moja tu ya kuiachia. Ni mfupi na mwepesi mno ukilinganisha na ule wa kwanza. Waliobuni mpango huo walitaka uamuzi wa kuanza kupiga uwe mzito kuliko uamuzi wa kuendelea.

Anayetaka kupunguza uzito ana njia tatu. Ya kwanza ni kuweka springi laini zaidi. Ya pili ni kubadilisha kile kipande kinachopokea mwendo wa kifyatulio na kuachilia pini au nyundo. Kwenye Glock ni bati dogo lililokunjwa, na pembe ya mkunjo wake ndiyo inayoamua wepesi. Ya tatu ni kusugua nyuso za vyuma vinavyokutana ili viteleze. Kila njia ina gharama yake. Springi ikilegezwa kupita kiasi, pini haiipigi fataki, kiwashio cha risasi, kwa nguvu ya kutosha, na risasi inakataa kulipuka, hasa zile za kijeshi ambazo mara nyingi fataki zake ni ngumu. Nyuso zikisuguliwa kupita kiasi, mshiko uliokuwa ukiizuia nyundo unakuwa mwembamba, na bastola inaweza kulia kwa kuanguka tu sakafuni. Hata namba ya dukani haiaminiki: bati la Glock lililouzwa miaka mingi kama la ratili 3.5 huleta mvuto wa karibu ratili 4.5 likiwa ndani ya bastola iliyobaki na springi zake za kawaida. Kiwanda chenyewe baadaye kililiita la 4.5. Mnunuzi alilipia kilo moja ya nafuu akapata nusu yake.

Hapa tutenganishe wepesi wa aina mbili. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua SIG Sauer P320 kuwa bastola yake mpya. Agosti mwaka huohuo ikabainika kwamba toleo lililouzwa kwa raia, likianguka kwa pembe fulani, lingeweza kujifyatua. Sehemu ya chanzo ilikuwa uzito wa chuma cha kifyatulio: bastola inapogonga sakafu inasimama ghafla, lakini kifyatulio kizito kinaendelea na safari yake kana kwamba kimevutwa. Kampuni ikatangaza marekebisho ya hiari yaliyojumuisha kifyatulio chepesi zaidi. Hicho ni kipande chepesi kilichoongeza usalama. Ila kilichopunguzwa pale ni uzito wa chuma chenyewe. Nguvu ya kukivuta ni jambo jingine. Anayeuziwa kifyatulio chepesi aulize kwanza ni wepesi upi anaouziwa.

Turudi kwenye kidole. Mwaka 2003 Roger Enoka, mtaalamu wa misuli wa Chuo Kikuu cha Colorado, alieleza mazingira matatu ambamo kidole hukaza bila mwenyewe kuamua: anaposhtuka, anapoteleza na kutafuta mhimili, na mkono mmoja unapokaza kwa nguvu huku mwingine ukiufuata. Fikiria askari aliyemkamata mtu ukosi kwa mkono wa kushoto na ameshika bastola kwa wa kulia. Nguvu inayozuka katika hali kama hizo inaweza kukishinda kifyatulio cha kilo mbili na nusu, sembuse cha kilo moja na nusu. Kwa sababu hiyo sheria ya msingi ya mafunzo ni kidole kukaa nje mpaka uamuzi uwe umefanywa. Uzito ni ulinzi wa pili, kwa ajili ya siku ambayo sheria hiyo imesahaulika.

Je, basi uzito ukizidi ndiyo salama zaidi? Jiji la New York lilijaribu. Polisi wake walipohamia bastola za risasi nyingi mwaka 1993, waliwekewa springi za kufikisha mvuto kwenye ratili 12 hivi, zaidi ya kilo tano. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, maafisa wawili walimfyatulia mtu mwenye silaha risasi 16. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Risasi zilizokosa haziwezi kubebeshwa kifyatulio peke yake, lakini wakosoaji walikitaja, na miaka tisa baadaye makurutu wa idara hiyo walianza kupewa bastola zenye mvuto mwepesi zaidi. Uzito uliozidi unaharibu shabaha, na uliopungua unaharibu subira. Bastola nyingi za kubeba kiunoni hutoka viwandani zikiwa kati ya hapo, na hilo halikutokea kwa bahati. Hata kwenye michezo ya kimataifa, ambako shabaha ni karatasi na hakuna mpita njia, mashindano ya bastola ya mita 25 yanadai uzito usiopungua gramu 1,000.

Garissa ina mambo yake pia. Joto hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka, na vumbi halina mlango. Mwenye bastola anaimiminia mafuta mengi akidhani anaitunza. Mafuta yanashika mchanga, mchanga unageuka tope jeusi ndani ya njia za springi, na baada ya miezi michache mvuto unakwaruza na kukwama. Hapo anasema kifyatulio kimekuwa kizito. Kifyatulio hicho ni kichafu tu. Kikisafishwa vizuri na kupakwa tone la mafuta mahali pachache palipoelekezwa na kiwanda, uzito wake wa asili unarudi, na mara nyingi hamu ya kununua kipande inaisha hapohapo. Na mwenye kukibadilisha kipande bila kusafisha ameweka springi dhaifu ndani ya tope lilelile, mahali ambapo springi yenye nguvu ndiyo iliyokuwa ikilishinda.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaihesabu sehemu ya silaha kuwa ni silaha. Kipande kinachofika ndani ya kifurushi kutoka ng'ambo, au mfukoni mwa jamaa anayerudi nyumbani, kinaweza kumfikisha mtu mahakamani kama bastola nzima. Kufanya biashara ya kukarabati silaha kunahitaji usajili, kwa hiyo fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, si jibu. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza wenye leseni wote wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Tangu hapo hakuna mmiliki anayeweza kudhani kwamba silaha yake ni siri yake. Polisi na askari wa akiba hawana hata nafasi ya kujadili: silaha ni ya serikali.

Risasi ikimpata mtu, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinampeleka hakimu kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza kuhusu kujilinda. Mwenye kujilinda husema alikusudia kupiga kwa sababu alilazimika. Mwenye kifyatulio kilicholegezwa anaulizwa swali jingine: ulikusudia, au kilijifyatua? Akijibu la pili, utetezi wa kujilinda umemponyoka, na kinachobaki mezani ni uzembe.

Na Kaskazini Mashariki kesi haiishii mahakamani. Aya za 92 na 93 za Suratun-Nisaa zinatenganisha kuua kwa makusudi na kuua kwa bahati mbaya, lakini hazimwachi huyu wa pili bila wajibu: kuna kafara na kuna diya, yaani fidia ya damu. Kwa mila za Kisomali diya, au mag, ni mzigo wa kundi zima la ukoo, na kiwango cha jadi kwa mwanamume ni ngamia 100. Risasi iliyotoka kwa sababu kidole kilishtuka inawachangisha watu ambao hawajawahi kuiona bastola hiyo. Katika eneo ambalo mauaji yameweza kuwasha visasi kati ya koo, na ambako watu wanakumbuka operesheni za vikosi vya serikali zilizoua raia huko Garissa mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984, uamuzi wa kulegeza springi haumhusu mwenye leseni peke yake.

Mpangilio wa busara basi ni huu. Safisha kwanza. Pili, pima uzito kwa mizani ya ndoano, maana kidole ni shahidi mbaya. Tatu, jifunze kuvuta: zoezi la bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, hurekebisha shabaha kuliko springi yoyote. Nne, ukihitaji kipande bado, kiwe cha kiwanda kilichotengeneza bastola hiyo, kiwekwe na muuzaji aliyesajiliwa, karatasi ibaki, na bastola ijaribiwe kwa risasi zilezile unazobeba. Kifyatulio cha chini ya kilo mbili kiachiwe bastola ya mashindano.

Bodi ya Leseni za Silaha nayo inaweza kusaidia kwa gharama ndogo: mmiliki anapokuja kuhuisha leseni, bastola yake ipimwe uzito wa kifyatulio na namba iandikwe kwenye faili. Kipimo ni cha dakika moja, na kingetosha kuonyesha nani amegusa ndani ya silaha yake tangu mwaka jana.