Mfundishe mwanao mdundo kwa viganja, miguu na wimbo wa bibi

Arusha. Mtoto anayepanda daladala jijini hapa hupata somo la muziki bila kulilipia. Konda hutaja vituo kama anayeimba, huku akigonga bodi la gari kumwashiria dereva. Mtoto akifika nyumbani huigiza hayo yote kwenye meza, hadi mtu mzima amwambie "acha kelele" na kumpa simu atulie.

Hapo ndipo nafasi nzuri hupotea. Mtoto yule alikuwa anajifunza kusikiliza, kusubiri zamu na kuingia kwa wakati, mambo atakayoyahitaji darasani na hata katika mazungumzo ya kawaida.

Kumfundisha mdundo hakuhitaji kununua ngoma wala kinanda. Wamasai na Waarusha wanaoishi kuzunguka Mlima Meru wanajulikana kwa nyimbo zisizotegemea ngoma. Kiongozi huanzisha, wenzake huitikia, na mapigo hushikwa na pumzi, mabega, miruko na mlio wa mapambo. Ujerumani nako, mtunzi Carl Orff, aliyeanza kufundisha Munich mwaka 1924, alijenga mbinu ya kufundisha watoto kwa makofi, mapaja, miguu, maneno na nyimbo.

Anzeni na vituo

Mwambie mtoto apige kofi moja kwa kila silabi. Me-ru, makofi mawili. Te-nge-ru, matatu. Sa-na-wa-ri, manne. Nga-ra-m-to-ni, matano. Akizoea, akanyage chini kwa mguu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa ndiyo Kiswahili huitamka kwa nguvu. Mtoto anayeanza kusoma atakuwa amejifunza na kugawa silabi.

Tenganisha hatua na maneno

Hapa ndipo wengi hukwama, hata watu wazima. Wimbo una mambo mawili: mapigo yanayokwenda sawa kama hatua za mtembeaji, na maneno yanayokimbia au kuvutwa juu yake. Usimpe mtoto yote kwa pamoja. Mzazi apige mapaja kwa mapigo yaliyo sawa, mtoto apige makofi kufuata maneno, kisha wabadilishane.

Tafuteni wimbo

Chagueni wimbo mfupi wa kuitikiana, au wa duara kama Ukuti. Bora zaidi, mpigieni simu bibi aliyeko Poli au Nkoaranga, mumwombe wimbo aliouimba utotoni kwa Kimeru au Kimasai, na awaeleze maana yake. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazimo kwenye redio wala simu. Zimo kwa bibi tu, na asipoulizwa ataondoka nazo.

Wimbo ukikaa kichwani, chezeni mchezo wa kunyamaza. Mstari mmoja uimbwe moyoni, mikono ikiendelea, kisha wote waingie pamoja mstari unaofuata. Atakayewahi au kuchelewa atajisikia mwenyewe, na mara nyingi ataanza kucheka.

Asipofuata je?

Mtoto wa chini ya miaka minne mara nyingi huwa na mwendo wake, tena wa haraka kuliko wa mtu mzima. Usimshike mikono kumlazimisha. Mfuate wewe kwanza, kisha punguza mwendo taratibu. Asiyesikia vizuri aweke viganja juu ya meza ya mbao mnapoigonga, au kifuani kwa mzazi anayeimba, ausikie mdundo kwa mwili.

Wanaoishi nyumba za kupanga wasihofu majirani. Usiku, pigeni kiganja kwa vidole viwili tu.

Dakika kumi baada ya chakula zinatosha. Mkifanya hivyo kila siku, bibi atakapokuja mjini, mwacheni yeye aanzishe wimbo na mjukuu aitikie.