Kwa nini uzoefu wa milima haukukingi Kilimanjaro

Kila 9 Desemba, Siku ya Uhuru, inapokaribia, maswali kuhusu Mlima Kilimanjaro hutujia kwa wingi. Safari hii mengi yametoka kwa watu ambao si wageni wa milima. Mmoja amezoea Uluguru, mwingine hupanda Longonot na wenzake wa kazini, wa tatu ametembea Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae. Wote wanauliza jambo lilelile: ikiwa Kilimanjaro unasifika kwa urahisi, hakuna kamba wala kukwea miamba, na wazee wa miaka 70 wanafika kileleni, wao wenye miguu migumu wana haja gani ya kulipia siku saba au nane wakati tano zinatosha?

Haja ipo, kwa sababu kinachougua huko juu si miguu. Longonot una mita 2,776, na madhara ya mwinuko huanza kuwapata watu wakivuka mita 2,500 hivi. Mtu anaweza kuupanda na kuushuka kila Jumamosi, mwili wake usijue lolote kuhusu kulala kambi ya Kibo kwenye mita 4,720. Hata aliyefika kilele cha Meru, akarudi Dar es Salaam akakaa miezi miwili, anaanza upya. Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa Wimbledon mara tisa kwa mchezaji mmoja mmoja, alishushwa Kilimanjaro maji yakiwa yamejaa kwenye mapafu, akalazwa Nairobi. Mwenye pumzi kumzidi ni nani?

Sasa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapopapenda. Hewa ya kileleni, mita 5,895, ina oksijeni asilimia 21 ileile ya Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, kulia na kushoto, kuna kinundu chenye ukubwa wa punje ya mchele ambacho kazi yake ni kuonja damu. Kikiona oksijeni imeshuka, kinaamuru upumue kwa haraka na kwa kina. Ukipumua hivyo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, na asidi ya damu inapungua. Hapo ubongo, ambao kwa kawaida huongoza upumuaji kwa kufuata asidi kuliko oksijeni, unatoa amri ya kinyume: punguza pumzi.

Mvutano huo husikika usiku. Mwenzako kwenye kitanda cha jirani pale kambi ya Horombo anapumua kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, halafu kimya. Sekunde kumi zinapita, wakati mwingine zaidi, hakuna pumzi. Ghafla anavuta hewa na kuanza tena. Wengi humwamsha wakidhani anakata roho. Mwacheni alale, ni amri mbili zinabishana, na kwenye mwinuko ule ni jambo la kawaida.

Mwamuzi wa ubishi huo ni figo. Zinatoa bikaboneti kupitia mkojo, asidi ya damu inasogea kuelekea kawaida, ubongo unalegeza breki, na mtu anapumua kadiri anavyohitaji. Kutoka nje kukojoa mara tatu kwenye baridi ile ni kero, lakini ni dalili kwamba kazi inafanyika. Ila figo hazina haraka. Zinahitaji siku kadhaa, na hakuna mazoezi ya kukimbia yatakayozisukuma. Ndiyo maana urahisi wa Kilimanjaro ndio hatari yake: njia inakuruhusu kupanda haraka kuliko figo zinavyoweza kufuata. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Njia ya Marangu inakupeleka Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, kisha Kibo 4,720. Mita elfu moja kila mara! Mgeni anayechechemea nyuma angalau anachelewa. Mzoefu anawahi, na kichwa kikimuuma anaona haya kusema.

Dawa ya asetazolamidi, wengi wanaijua kama Diamox, inazilazimisha figo kuanza kazi hiyo mapema. Kwa hiyo wanaodai kwamba "inaficha ugonjwa" wanapotosha. Inayoweza kufunika dalili ni deksamethasoni, ambayo si dawa ya kukupandisha kileleni ukiwa umeshaugua. Diamox hutia ganzi vidole na kuifanya soda ikose ladha. Aandike daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Tuje kwenye rozela. Nimetumiwa tangazo la "mchanganyiko wa kuongeza damu kwa wapanda mlima": rozela, bitiruti na unga wa mizizi ambayo muuzaji hataki kuitaja, wa kunywa siku tatu kabla ya safari. Mwili ukikosa oksijeni huongeza homoni ya kutengeneza damu ndani ya saa chache, lakini chembe nyekundu mpya za kutosha huchukua wiki. Hakuna juisi ya siku tatu inayoruka hatua hiyo, na bei aliyoweka inatosha kulipia sehemu kubwa ya gharama ya matembezi ya Meru kwa mtu mwenye akili. Supu ya kitunguu saumu nayo ni chakula kizuri, basi. Kopo la oksijeni la dukani huisha kwa dakika chache. Na hili la kwamba Wachaga hawaugui: Watibeti wamerithi vinasaba vinavyowasaidia baada ya vizazi vingi vya kuishi juu sana. Vijiji vya Wachaga viko chini ya mita 2,000, na wapagazi huugua kama wewe, tena wakiwa na mzigo wa kilo 20.

Kuhusu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kidole chenye baridi au rangi ya kucha hudanganya. Msikilizeni mtu kabla ya namba.

Ushauri ni mfupi. Ongeza siku. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, usilale juu zaidi. Dalili zikizidi, shuka. Anayehema akiwa amekaa, anayekohoa povu, au anayeshindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wawili wameuliza kuhusu selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Aliyerithi kinasaba kimoja tu mara nyingi hupanda na kurudi salama, lakini bandama lake linaweza kuharibika kwenye mwinuko mkubwa, kwa hiyo amwone daktari kwanza, amwambie mwongozaji wake, na akisikia maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto asiyasingizie chakula cha kambini.