Kabla Mji Wenu Haujakubali Kupokea Dini Zote

Kamati yenu ya dini mbalimbali imepewa wiki chache iseme kama mji utaomba kupokea Bunge la Dini za Dunia, ule mkutano wa kimataifa wa waumini wa dini zote, au mkutano mwingine wa ukubwa huo. Heshima ni kubwa, na wageni wenyewe wanastahili kupokewa vizuri. Lakini mfuko wenu ni mdogo, kwa hiyo tuanze na bei.

Wageni ni kati ya 6,000 na 10,000, kwa siku tano hadi saba. Salt Lake City, ilipolipokea Bunge mwaka 2015, ilikaribia 10,000. Chochote mnachokiona kidogo, kizidisheni kwa idadi hiyo. Chakula cha mchana cha dola 10 kwa watu 7,000, siku tano, ni dola 350,000, na chai ya saa nne bado haijamiminwa.

Njia inayopendwa siku hizi ni jumba kubwa la mikutano. Ndivyo walivyofanya Salt Lake City, Toronto mwaka 2018 na Chicago mwaka 2023. Mnapata ukumbi mkuu, vyumba vingi vya mijadala midogo, vipaza sauti, na lifti kwa wazee, vyote chini ya paa moja. Ndiyo njia ghali kuliko zote, na bei mnayotajiwa mwanzoni siyo mtakayolipa.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kongamano la viongozi wa dini, watu 300 tu. Ukumbi tuliupata kwa bei nafuu, tukafurahi. Ankara ya mwisho ilikuja na kurasa tatu. Kutundika bango: tumlipe fundi wao, wetu haruhusiwi. Intaneti: kwa kila kifaa. Maji: chupa za nje marufuku, na za kwao ziliuzwa mara tatu ya bei ya dukani. Sala ya kufunga ilirefuka, tukachelewa kutoka dakika 40, tukatozwa saa mbili. Kilichoniuma zaidi ni ada ya usafi. Masheikh walitawadha kwenye masinki ya vyoo kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na maji yakatapakaa sakafuni. Wao hawakukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa letu waandaaji, tuliokagua viti na jukwaa bila kuuliza habari ya mabomba.

Ulizeni ninyi mapema, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Pa kutawadhia ni wapi? Viatu vitavuliwa na kuwekwa wapi? Taa za ibada na ubani vitawashwa chumba gani bila kengele ya moto kulia, na fundi wa kuizima kengele hiyo analipwa na nani? Kongamano la wafanyabiashara halina mahitaji haya, ndiyo maana hayamo kwenye bei ya kawaida. Msipoyataja leo, yatakuja na ankara.

Hoteli kubwa ndiyo iliyotumika Chicago mwaka 1993, Bunge lilipofufuliwa miaka 100 baada ya lile la kwanza la 1893. Mara nyingi hoteli hupunguza bei ya kumbi, hata kuzitoa bure, mradi mjaze vyumba. Mtego uko kwenye kile kipengele cha dhamana ya vyumba. Tuseme mmeahidi vyumba 1,000 kwa siku tano, yaani malazi 5,000, na mkataba unawataka mjaze angalau asilimia 80. Wageni wakichukua malazi 3,000, mnalipia 1,000 ambayo hakuna aliyeyalalia. Wageni wa mikutano ya dini wengi hawana posho, hulala kwa waumini wenzao au nyumba za wageni. Ahidini nusu ya mnachodhani, na daini haki ya kupunguza idadi miezi mitatu kabla.

Cape Town, mwaka 1999, ilitumia chuo. Vikao vingi vilifanyika kwenye majengo ya chuo cha ufundi karibu na eneo la District Six, mwezi Desemba, na Nelson Mandela alihutubia. Kwa pesa ndogo, hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Madarasa ni vyumba vya mijadala tayari, mabweni ni malazi ya bei ya chini, jiko lipo, na nyasi za kupigia mahema zipo. Kasoro zake zinavumilika: vipaza sauti vichache, ngazi nyingi kuliko lifti, kutembea juani. Wekeni akiba ya jenereta, vyoo vya kukodi na mikokoteni ya kubebea wazee. Shida moja tu haivumiliki: tarehe. Wanafunzi wakiwa chuoni, hakuna mabweni. Pimeni likizo ya chuo dhidi ya Ramadhani, inayosogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na sikukuu kubwa za Wayahudi na Wahindu. Kubadilisha tarehe baada ya kutangaza kunagharimu kuliko bango lolote.

Barcelona mwaka 2004 ilidandia tamasha kubwa la tamaduni lililokuwa likiendelea mjini. Kwa njia hii, jukwaa, ulinzi na usafiri huenda vikawa vimeshalipiwa kwa sehemu kubwa. Mji wenu ukiwa na maonyesho makubwa ya aina hiyo, fikirieni, mkijua kwamba mwenye tamasha ndiye atakayepanga saa na mageti.

Njia ya mtandaoni, kama ilivyokuwa mwaka 2021, ni rahisi kuliko zote, lakini mji haupati kitu: si dereva, si mwenye nyumba ya wageni, si mama lishe.

Sasa zile dola 350,000 za chakula. Barcelona, Masingasinga waliotoka Birmingham, wa jumuiya iliyoanzishwa na Baba Puran Singh aliyeishi Kericho, Kenya, walipika langar, mlo wa pamoja wa dini yao, na kulisha kila aliyekuja, bure. Mtu alivua viatu, akafunika kichwa, akaketi chini sambamba na asiyemjua, dengu na mkate vikapakuliwa mbele yake. Hakuna nyama, kwa hiyo karibu kila dini ilikula sufuria moja. Salt Lake City nako wageni walilishwa hivyo. Masingasinga wakiwapo katika mji wenu au mji jirani, wafuateni kwa heshima kabla ya kumtafuta mpishi wa kukodi. Gharama yenu itabaki maji, gesi, hema na watu wa kuosha vyombo. Angalieni tu kwamba mkataba wa ukumbi hauna kipengele cha kukataza chakula cha nje, maana hicho kimoja kinafuta nafuu yote.

Na msihesabu ahadi kama fedha. Brussels ilishachaguliwa kwa mwaka 2014. Novemba 2012 ikatangazwa kwamba fedha hazikupatikana, Ulaya ikiwa katikati ya mtikisiko wa uchumi, na mkutano haukufanyika huko. Kama wafadhili wenu wameahidi shilingi na mkataba umeandikwa kwa dola, pengo likitokea ni lenu.

Mkiona mzigo bado ni mzito, kuna mikutano ya wajumbe mamia badala ya maelfu. Nairobi ilipokea Mkutano wa Dunia wa Dini na Amani mwaka 1984, na ukubwa huo chuo cha kawaida kinautosha.

Kabla ya kikao chenu kijacho, mmoja aende kwa msajili wa chuo aombe kalenda ya likizo ya miaka mitatu ijayo kwa maandishi. Mwingine aende gurdwara, hekalu la Masingasinga. Mweka hazina aitishe ankara kamili, siyo bei ya ukumbi, ya mkutano wa mwisho uliofanyika katika jumba mnalolitaka. Wakikataa kuionyesha, chukueni chuo.