Mlio wa Giaboksi Katika Land Rover Kuukuu

Motokaa aina ya Land Rover ilitokea Uingereza mwaka 1948, nayo ilienea sana katika Afrika ya Mashariki, kwa kuwa magurudumu yake yote manne yaweza kuvuta matopeni. Baadhi ya zile za zamani zingali zikichukua watu na mizigo. Lakini mwenye gari la namna hii asikiapo mlio chini ya sakafu, mara nyingi hufanya moja la mambo mawili: ama hupuuza mpaka gari limkwamie mlimani pamoja na abiria wake, ama huamuru giaboksi ifunguliwe yote, akatoa fedha nyingi kwa ugonjwa ulio mahali pengine. Yote mawili ni hasara. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kutafuta shina la mlio kabla spana haijashikwa.

Kwanza, ijulikane ya kuwa si kila mlio ni ugonjwa. Katika gari zilizotangulia Series III ya mwaka 1971, gia ya kwanza na ya pili hazikuwekewa kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Dereva asiyekanyaga klachi mara mbili atasikia mkwaruzo, na kosa ni la mguu wake, wala si la chuma. Tena gia ya kwanza na ya kurudi nyuma huvuma kidogo kwa asili yake, maana meno yake yamekatwa kwa kunyooka.

Pili, tazameni oili, gari likiwa mahali palipo sawa. Nyuma ya giaboksi liko sanduku jingine liitwalo transfa, ambalo kazi yake ni kugawa nguvu mbele na nyuma. Kila moja lina oili yake: giaboksi huchukua kadiri ya lita 1.5, na transfa lita 2.5. Fungueni tundu la kupimia la kila moja. Mkiona giaboksi imepungukiwa na transfa imezidi, wala chini ya gari hapana hata tone, basi yamkini sili iliyo kati yao imekwisha, na oili inahama. Kisha mwageni oili ingali na joto, mkaitazame. Unga mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Bali vikionekana vipande vinavyometameta, au ncha ya jino, gari lisiendeshwe tena. Bandu bandu humaliza gogo.

Tatu, sikilizeni gari limesimama. Fungeni breki ya mkono, zuieni magurudumu kwa mawe, acheni gia huru, injini ikinguruma polepole. Mlio ukisikika, kanyageni klachi. Ukikoma, chanzo chake ni beringi ya shafti iingizayo nguvu, au beringi za shafti ya chini, kwa kuwa hizo huzunguka wakati klachi imeachwa na hutulia ikanyagwapo. Lakini mlio ukianza pale mguu ukandamizapo, basi beringi ya klachi yenyewe ndiyo mbovu.

Nne, endesheni gari katika gia zote kwa zamu. Katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Kwa hiyo mlio usikikao katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukapungua sana katika ya nne, waishtaki shafti ya chini na beringi zake. Mlio wa gia moja tu ni meno ya gia hiyo.

Tano, mlio ukidumu katika gia zote, tafuteni barabara tambarare isiyo na watu, wala msijaribu jambo hili mteremkoni. Gari likienda taratibu, acheni gia huru. Mlio ukiendelea, ukapungua kadiri mwendo upunguavyo, basi yafaa kuchungulia transfa, propela, difu au beringi za magurudumu kabla ya giaboksi. Fundi aweza kuondoa propela ya mbele na kuliendesha gari kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Mlio ukitoweka, shina lake liko mbele.

Majibu haya yaandikwe, apewe fundi pamoja na gari. Wala asikawie mtu kwa kusema, "Bado linakwenda." Beringi ikilegea, shafti huyumba, shafti ikiyumba, meno hukutana upande, yakavunjana. Ndipo gharama ya beringi moja igeukapo kuwa gharama ya giaboksi nzima, na pengine gari hukwama njiani likiwa na mgonjwa apelekwaye hospitali.