Mwendo wa Motere

Motere ya batri huzunguka mbio. Macho hayawezi kuhesabu mizunguko yake. Tufanye nini?

Tazama. Motere ina gurudumu dogo, upana wake sentimeta 2. Mkanda unaliunganisha na gurudumu kubwa, upana wake sentimeta 20. Dogo likizunguka mara 10, kubwa huzunguka mara 1.

Kabla ya kuwasha, tia alama ya chaki juu ya gurudumu kubwa. Hesabu dakika 1. Alama imepita mara 90? Basi motere imezunguka 90 × 10, ni mara 900.

Kesho alama ikipita mara 60 tu, motere imezunguka mara 600. Labda batri imechoka, labda kazi imezidi. Kazi ikizidi, nyuzi za ndani hupata moto na kuungua. Zima upesi!

Wala usiguse mkanda unaokwenda: utakukata vidole.