Ghala Mapinga, duka Kariakoo: faili zipite wapi?

Mfanyabiashara mwenye duka Kariakoo na ghala Mapinga au Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, anataka jambo moja: karani wa dukani aone kwenye kompyuta idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki ghalani kabla ya kukata risiti. Fundi huja na njia ya mkato. Hutoboa ukuta wa moto, yaani kizuizi cha wageni wa intaneti, na kufungua mlango namba 445 ambao Windows huutumia kugawana faili. Mambo hukubali siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo mtaji unapowekwa rehani. Mei 12, 2017 kirusi WannaCry kilipitia mlango huo huo, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho tangu Machi mwaka huo, wengi hawakuliweka. Daftari la madeni likifungwa namna hiyo, ni mdaiwa gani atakayekuja mwenyewe kukukumbusha?

Njia salama ni VPN, handaki la siri kati ya duka na ghala, huku mlango 445 ukibaki umefungwa kwa watu wa nje. Programu za WireGuard na OpenVPN hupatikana bure. Gharama ni fundi na ruta inayoimudu kazi hiyo. Ila Oktoba 2023 TCRA iliwataka watu binafsi na makampuni wanaotumia VPN wajiandikishe hadi kufikia tarehe 30 mwezi huo. Ulizia utaratibu huko kabla fundi hajagusa kitu.

Wapo wanaoona afadhali faili zote zikae kwenye seva za Ulaya. Hesabu hiyo ina kasoro. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikayumba nchini. Duka na ghala zilizo kwenye mtandao wa kampuni moja hazina sababu ya kuvusha hesabu za saruji ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo faili kubwa husuasua ndani ya handaki, maana kompyuta huulizana na kujibizana kwa kila kipande. Karani afungue orodha ndogo ya siku. Nakala kamili ivutwe usiku, duka likiwa limefungwa.